Nimeijaza kadi ya kliniki ya mwanangu kwa kalamu yangu

Mshauri wangu, shikamoo. Najua barua nyingi zinazokufikia ni za watu wanaolia kwa sababu wameachwa, mimi sijaachwa, na kwa sura hii niliyopewa sidhani kama kuna wa kuniacha kirahisi, lakini nina jambo hii wiki ya pili na kijiweni sina wa kumwambia, maana kila nikifungua mdomo wanasubiri niwachekeshe. Nimeona nikuandikie wewe usiyeijua hiyo sura. Naomba unijibu kabla ya Alhamisi, Alhamisi ikishapita usijisumbue tena.

Naitwa Yotamu, nina miaka ishirini na mbili, nakaa Soweto hapa Mbeya na nauza raba za mtumba. Shule niliishia kidato cha pili, siyo kwamba akili ilikuwa ndogo, ila mimi na mwalimu wa hesabu tulishindwa kuelewana. Raba ikishaingia mikononi mwangu, hata iwe imekanyaga tope la mwaka mzima, naisugua, naishona, naipaka, na Jumapili unaivaa kanisani watu wanakuuliza umenunua duka gani, ulizia sokoni utaambiwa. Nakwambia haya ujue unaongea na mtu anayejituma, siyo mhuni.

Jambo lenyewe lilianza kama utani. Kwenye kliniki ya wajawazito na watoto tunayoitumia, mama akija na mume wake anahudumiwa kwanza, wameweka utaratibu huo ili kinababa wahudhurie, na kinababa wenyewe unawajua. Sasa kuna dada anaitwa Hanifa anapika chapati pembeni ya meza yangu, mume wake anaendesha lori la Zambia, nyumbani anaonekana kwa msimu. Hanifa alikuwa na mimba na foleni ya kliniki ilikuwa inamla siku nzima huku donge lake la unga linaharibika. Asubuhi moja akaniambia, "Yotamu, tafuta shati, twende ukawe mume wangu saa moja tu."

Nikamuuliza, "Mume wa saa moja anakula nini?"

"Chapati mbili na chai ya maziwa."

Nikatafuta shati.

Tulipita mbele ya wanawake kama thelathini, mimi nimemshika Hanifa kiwiko taratibu kama nilivyoona watu wakubwa wanavyofanya, na nesi mmoja, Sista Gloria, akatupigia makofi kabisa, akawaambia wale waliokaa, "Mnamwona baba huyu? Wa kwenu wako wapi?" Mshauri, tangu nizaliwe sijawahi kupigiwa makofi, hata darasani. Nilivimba. Nikatobolewa kidole, nikapimwa damu, nikaandikwa kwa jina la mume wa Hanifa, nikarudi kula chapati zangu. Habari zikaenea sokoni, wanawake wengine wawili wakanikodi, hao nikawapeleka zahanati nyingine upande wa Ilomba ili nisishtukiwe, maana nilijiona nina akili. Kwa Hanifa nilirudi mara tatu mpaka akajifungua, mtoto akaitwa Nasri, na pale kliniki mimi jina langu likawa Baba Nasri.

Wakati huo Faustina, mama wa mtoto wangu, naye alikuwa mjamzito, ila alikuwa kwao Igowole kule Mufindi, kliniki alienda huko na akajifungulia kituo cha afya cha huko, binti, anaitwa Benedicta, sisi tunasema Bene. Sindano ya bega alipata, matone ya mdomoni alipata, kadi ikagongwa muhuri. Alipofikisha mwezi mmoja wakaja Mbeya tukaanza maisha. Faustina akapata kazi ya kuchambua parachichi ghalani, anaingia asubuhi, ruhusa ni shida, mtoto anabaki na mama mwenye nyumba na mimi mchana nampeleka getini anyonye. Na kliniki ni siku za kazi. Nikamwambia, "Mama Bene, wewe chambua parachichi zako, kliniki niachie mimi, Mbeya nzima hakuna baba anayeijua kliniki kunishinda." Na hapo nilikuwa nasema kweli.

Bene alipofika wiki sita nikamfunga mgongoni kwa kitenge cha mama yake, watu sokoni wakacheka, nikawaambia wacheke vizuri ndiyo wanamwona mwanaume. Nimefika mlangoni, Sista Gloria huyu hapa, kwa sauti ile ile ya kusifia.

"He, Baba Nasri! Nasri si mama yake kamleta majuzi? Na huyu mgongoni ni wa nani?"

Benchi zima likageuka. Nikasema, "Wa dada yangu, Sista, nampitisha tu."

"Haya lete kadi."

Kwenye kadi pameandikwa baba, Yotamu, na jina la ukoo. Nikasema nimeisahau, naikimbilia mara moja, nikatoka pale natembea haraka bila kukimbia, na sijarudi mpaka leo unaposoma hapa.

Usiseme kwa nini sikwenda zahanati nyingine. Ya Ilomba ndiyo ile niliyokuwa mume wa watu wawili. Ya tatu niliifikiria, ila kijiweni yupo jamaa anaitwa Dastan, siku moja aliwahi kushusha maboksi ya chanjo kwenye gari basi tangu siku hiyo ni daktari, akanambia, "Unacheza wewe. Chanjo zinakuja kwa hesabu ya vichwa vya kata. Mtoto ana kadi ya Mufindi, akichomwa huku anakula fungu la mtoto wa huku. Wakikubaini unalipishwa. Halafu ule ni msaada wa bure kwa wanaowahi, tarehe yako ikipita jina linafutwa." Nikamwamini, au niseme ukweli, nilipenda kumwamini kwa sababu ilinipunguzia aibu ya kurudi kwa Sista Gloria.

Lakini Faustina jioni ataomba kadi. Nikaazima kadi ya Nasri kwa Hanifa, nikamdanganya nataka kuangalia tarehe. Mwandiko ndiyo kitu pekee shule ilinipa. Nikajaza zile sehemu za wiki sita, nikaiga na mkwaruzo wa sahihi. Wiki ya kumi nikajaza tena, wiki ya kumi na nne tena, na nilibadilisha kalamu, ya kwanza ya bluu, ya pili nyeusi, ya tatu bluu iliyopauka, ili isionekane imeandikwa siku moja. Uzito nilimpima kwenye mzani wa muuza viazi, juu ya gunia safi, na hiyo kilo niliandika ya haki, sikuongeza hata nukta. Siku ile ya kwanza nilibandika plasta kwenye paja la Bene. Faustina aliporudi kazini akaiona, akainama, akaibusu ile plasta, akasema, "Pole mama yangu, wamekuumiza." Mshauri, nilitoka nje nikajifanya naanua raba.

Miezi ikaenda, mtoto ananenepa, anacheka, nikaanza kusahau. Sasa sikia. Chumba cha pili kwenye nyumba yetu anakaa mpangaji ana mtoto anaitwa Faraji, wa mwaka mmoja na kidogo, walihamia majuzi. Faraji alianza kukohoa. Siyo kikohozi unachokijua. Anakohoa mfululizo bila kuvuta pumzi, moja, mbili, kumi, kumi na tano, uso unakuwa kama zambarau, halafu anavuta hewa na mlio kama jogoo aliyekabwa, anatapika, anaanza upya. Nilikuwa nashona raba pale kibarazani mchana nikamwona mama yake amemshika anampepea kwa khanga anaita, "Faraji, vuta, baba, vuta," na mtoto havuti. Walimkimbiza hospitali, wamelazwa. Mama yake alirudi kuchukua nguo akasema daktari ametaja kifaduro, na kitu cha kwanza kumuuliza ni kama alimaliza chanjo, hakumaliza. Faustina akashika kifua akasema mbele yangu, "Asante Mungu wangu, wa kwetu hizo alimaliza." Akimaanisha Bene. Kule ndani nilikufa.

Tangu hapo nasikiliza pumzi za mtoto kama mtu anayesikiliza injini. Nikiwa sokoni nakimbia nyumbani mara mbili, tatu, mama mwenye nyumba anasema, "Baba Bene siku hizi umeniona mwizi?" Na Faraji kabla hajalazwa Bene alikuwa anatambaa naye kwenye mkeka mmoja, kijiko kimoja, kila kitu.

Alhamisi hii Bene anatimiza miezi tisa, sindano ya surua. Faustina ameomba ruhusa kazini ampeleke mwenyewe, amefurahi, ameshafua kitenge, na kadi ameitoa kwenye begi ameiweka mezani. Nikimwachia aende, Sista Gloria ataona mwandiko. Nikimzuia, nimzuie kwa sababu gani? Nasikia kuandika kwenye kadi ya serikali ni jela. Nasikia baba akidanganya mtoto anaondolewa kwenye za bure, na mimi nikiambiwa nilipie zote za nyuma sijui nitauza nini. Na Faustina akijua atapanda basi la Igowole na mtoto, namjua, wale watu wa huko wakinyamaza wamenyamaza.

Nimewaza jambo. Niitumbukize kadi kwenye beseni la kusafishia raba, niseme imelowa kwa bahati mbaya, wampe mpya, mambo yaanze upya na hakuna aliyeumia. Niambie kama ni akili. Na nimeandika namba yangu hapo chini kwa sababu nilisahau kusema kitu, tangu jana Bene naye anakohoa. Siyo kama Faraji. Mara mbili mara tatu tu. Nadhani ni vumbi.

Yotamu, Soweto, Mbeya

JIBU

Marahaba, Yotamu. Barua yako niliipata Jumatatu mchana. Nilipofika mstari wa mwisho niliacha chai yangu nikapiga ile namba. Ulipokea, nikajitaja, ukakata. Nikakutumia ujumbe kuhusu kikohozi, naona umeusoma, hujajibu. Basi leo Jumatano nakujibu hadharani, jina la ukoo nimekufichia, hilo tu.

Kikohozi kwanza. Unanitajia vumbi baada ya kunisimulia mkeka mmoja na kijiko kimoja! Bene akikohoa mfululizo mpaka ashindwe kuvuta hewa, midomo ikibadilika rangi, akitapika baada ya kukohoa, au akitulia ghafla na kifua hakiendi, weka gazeti chini umpeleke hospitali dakika hiyo hiyo. Na kama bado ni mara mbili mara tatu, aonwe na daktari leo vilevile, kwa sababu amekaa na mgonjwa na hana kinga. Kifaduro kwa mtoto wa umri wake kinaua.

Sasa fikiria umefika kwa daktari na ile kadi yako nzuri ya kalamu tatu. Ataona sindano za kuzuia kifaduro zimejazwa zote, na tarehe zake. Ataiamini, kwa kuwa kadi imetengenezwa ili iaminiwe, na ataanza kutafuta ugonjwa mwingine huku huu unaendelea. Barua nzima unaogopa kwamba watagundua. Mimi naogopa hawatagundua. Alhamisi nesi mwenye foleni ndefu anaweza kuisoma haraka haraka, akampiga ya surua, akasema hongera mama, na binti yako akarudi nyumbani bila kinga ya kifaduro, dondakoo wala pepopunda, na hakuna mtu duniani atakayezitafuta tena, isipokuwa wewe.

Ndiyo maana beseni lako ni baya kuliko kalamu. Kadi ikilowa, nesi atamuuliza mama, na Faustina ataapa kwa moyo safi kabisa kwamba mtoto amechomwa zote, si aliibusu plasta? Utakuwa umemfanya yeye ndiye aseme uongo wako, tena bila kujua. Kadi usiiguse. Iende ilivyo.

Huyo Dastan wenu amebeba maboksi na akafikiri amebeba na sheria. Alichopata ni kipande cha ukweli: dozi zinaagizwa kwa kukadiria watoto wa eneo. Ila hakuna mtoto anayerudishwa mlangoni kwa kuwa kadi yake imetoka Mufindi. Chanjo za kawaida za watoto kwenye zahanati, vituo na hospitali za serikali hazilipiwi. Zinagharimiwa na serikali pamoja na wafadhili makusudi ili mtoto wa muuza raba asipimwe kwa mfuko wa baba yake. Hutaulizwa bima, hutaulizwa cheti cha ndoa, wala mkoa. Na aliyechelewa hafutwi, anapangiwa ratiba upya, kuna chache ambazo umri wake ukipita huwa zimepita, nyingine anapewa. Mama wa Faraji naye akitoka hospitali mwambie hivyo hivyo. Na mtu yeyote akikudai hela ya chanjo hizo, muulize jina lake na umfuate mganga mfawidhi wa kituo.

Kuhusu jela sitakuahidi nisichokijua. Kughushi ni kosa na ulijua ndiyo maana ulibadilisha kalamu. Lakini nimeongea na nesi mstaafu aliyechanja watoto miaka mingi, nikamsimulia bila kukutaja. Aliniuliza swali moja tu: "Huyo mtoto bado hajaletwa?" Wanachokitaka ni paja la mtoto. Utasemwa, tena mbele ya benchi, na utastahili. Ulivimba kwa makofi ambayo hayakuwa yako, sasa pokea na maneno ambayo ni yako.

Na wale wanawake watatu. Unasema ulitobolewa kidole kana kwamba ni sehemu ya kuchekesha. Ile damu ilipimwa UKIMWI na kaswende kwa niaba ya waume zao, ambao hadi leo hawajapimwa, na wake zao wameambiwa wako salama kwa majibu ya muuza viatu. Kawaambie wote watatu wakapime na waume zao halisi. Chapati hizo umeshakula, hazirudi.

Sijakudharau. Mwanaume anayembeba mtoto mgongoni katikati ya soko wakati wenzake wanacheka ana kitu kizuri ndani yake, na nimeona kwamba uzito hukuudanganya. Ulikuwa baba kweli mpaka pale mlangoni, ukaogopa sauti ya nesi mmoja kuliko ugonjwa. Wengi tungeogopa. Ila wengi tungerudi wiki inayofuata.

Sasa fanya hivi. Usingoje Alhamisi. Leo mchana ukimpeleka mtoto getini anyonye, mwambie Faustina hapo hapo, mtoto akiwa mikononi mwake. Usianze na Dastan, usianze na Hanifa wala foleni. Anza na haya: "Bene hajachomwa. Mimi ndiye niliyeandika." Halafu nyamaza, mwache aseme yote, na akitaka kwenda Igowole mwambie aende, ila daktari na kliniki kwanza. Aombe ruhusa ya leo badala ya kesho, mwende wote wawili. Daktari akishamwona na kuruhusu, nendeni kwa Sista Gloria, si zahanati nyingine, kwake, maana ukimkwepa tena utatafuta uongo wa kumkwepea. Mpe kadi, weka kidole juu ya kila tarehe uliyoandika, useme, "Hii ni yangu, na hii, na hii."

Atachomwa mapaja yote mawili, Yotamu, labda zaidi ya sindano moja kwa siku moja. Atalia mpaka sauti ikauke, na atakutazama wewe kama aliyemsaliti. Mshike miguu vizuri, asirushe.